Masizi ya Chungu

Bweni lilimfundisha Kicheche mambo mawili hadi akafuzu: kumchezea mtu shere na kusugua sufuria. Alipoanza kujifunza kazi katika ghala la vitu vya kale, kwa shangazi yake msimamizi, alifika na elimu hiyo yote.

"Vifute vumbi tu, mwanangu, kwa brashi laini," Shangazi alimwambia, akamwachia trei ya vigae vya chungu na kwenda kumpokea mtafiti.

Kicheche alipoyaona masizi, aliona aibu kwa niaba ya wahenga. Akaleta sabuni na stiliwaya. Kigae kimoja tu kilinusurika: alikitumbukiza katika koti la mwanafunzi mwenzake lililotundikwa msumarini. Kijana huyo hakuwa mtu wa kucheka, ndiyo maana aliitwa Mheshimiwa. Jioni apekuliwe mlangoni kama wanafunzi wote, tuone uheshimiwa wake!

Mtafiti aliinamia trei. "Masizi yako wapi?"

"Nimeyamaliza!" Kicheche alijibu, kifua mbele.

Hakuna aliyefoka. Heri wangefoka. Shangazi aliketi juu ya kreti kama aliyepokea habari za msiba.

"Masizi ndiyo yangetuambia walipika nini," alisema. "Tangu chungu hiki kifukuliwe nimekilinda kisiguswe na maji."

Safari hii hakusema "mwanangu."

Kicheche alikwenda kwenye koti, akarudi na kigae cheusi. Uso wa Shangazi ukachanua.

"Kilikuwa wapi?" mtafiti aliuliza, mfuko wa sampuli tayari mkononi.

Kabatini. Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, na tabasamu la Shangazi lilikuwa likilingoja. Lakini kigae kilikuwa kimegandwa na maganda ya karanga. Angesema hivyo, wahenga wangeandikwa kuwa walikula karanga za Mheshimiwa.

"Mfukoni mwa koti la Mheshimiwa," alisema, akiangalia sakafu. "Nilikitia mimi. Ili ashikwe mlangoni. Mna karanga humo."

Tabasamu likazimika. Mtafiti akaandika juu ya mfuko: *kiligusana na karanga*.

"Ungeniacha niitwe mwizi?" Mheshimiwa aliuliza kutoka kwenye rafu alikokuwa akipanga kreti. "Nimekukosea nini, dada?"

Kicheche, aliyewahi kumjibu kila mwalimu, alilikung'uta lile koti, akalirudisha msumarini.

Jioni, kabla ya kutoka, Mheshimiwa aliigeuza mifuko yake nje bila kuombwa. Kicheche akaigeuza yake. Shangazi, mwenye funguo, naye akaigeuza yake.