Shingo ya Alhamisi

"Chachu?"

"Chachu, baba wee! Taratibu basi, hiyo ni shingo, si unga wa kukanda!"

Fundi Xiong hakupunguza. Alizidi kuzamisha kidole gumba chini ya fuvu la Peng, kwenye kishimo kiitwacho Bwawa la Upepo, akangoja nyama ilegee. Tangu ujana wake Peng alikuwa akibeba begani mbao ndefu zilizopangwa vyombo vibichi, kutoka kwa wafinyanzi mpaka kwenye tanuri, na bega la kulia lilikuwa limepanda kama linataka kulinong'oneza sikio. Kila mwezi kichwa kilimpasuka, na kila mwezi alikuja hapa kupiga kelele.

Katika mji ule, maumivu yaliyo chini ya kidole huitwa chachu. Fundi haulizi kama unaumia. Huuliza kama pamechacha, nawe ukiitikia, anajua amefika penyewe. Neno hilohilo ndilo la moyo wenye huzuni, ila hayo si ya fundi kuuliza.

"Leo Alhamisi," alisema Peng, uso wake umezama kwenye tundu la kitanda. "Ndiyo maana shati lako limepigwa pasi."

"Nyamaza. Ukiongea shingo inakaza."

"Na nasikia kwa Mwalimu Zha ni Alhamisi ya mwisho. Mwanawe kamkatia tiketi. Kesho asubuhi treni, Xiamen, akalee mjukuu."

"Najua. Aliniambia wiki iliyopita."

"Unajua, halafu?"

"Halafu nini? Namwonea huruma tu, safari yote ile na kichwa kile kinachomuuma."

"Kichwa!" Peng alicheka mpaka miguu ya kitanda ikalia. "Haya, fundi. Kichwa."

Akavaa shati, akachukua mwavuli, akatoka bado anacheka. Fundi Xiong alimwona mpumbavu. Alibadilisha taulo, akachemsha maji, akafagia chumba ambacho alikuwa amekifagia asubuhi.

Zha Yunqin alifika saa kumi kama kawaida yake. Alikung'uta mwavuli mlangoni mara tatu, akauegemeza ukutani, akasema, "Umeshakula, Fundi?"

"Nimekula, Mwalimu. Karibu ukae."

Wachoraji wa vyombo vya kauri wote mjini huitwa walimu, hata wale ambao hawajawahi kuwa na mwanafunzi. Kwa miaka kumi na mmoja fundi hakuwahi kumwita Yunqin vinginevyo. Yunqin aliketi kwenye kigoda, uso ukutani, mgongo kwa fundi, akakusanya nywele zake kwa mkono mmoja na kuzileta mbele ya bega. Hapo ndipo siku zote roho ya Fundi Xiong ilipomdunda, mzee mzima wa miaka sitini na mitatu.

Shingo ile aliijua kuliko alivyoujua uso wake mwenyewe. Siri ya mtungi aijuaye kata. Alilijua doa dogo chini ya nywele, upande wa kushoto. Alizijua mvi zilivyoanza moja moja, kisha zikaja kwa makundi. Nyuma ya sikio hapakukosa alama nyeusi ya rangi, maana Yunqin alikuwa na tabia ya kujikuna akiwa bado ameshika brashi. Ni ile rangi nyeusi ambayo haigeuki buluu mpaka ipite motoni. Lakini uso wa mwanamke huyu aliupata kwa kipimo, mara moja kwa salamu na mara moja kwa kwaheri, na mabaki yake aliyatumia wiki nzima.

Leo nyuma ya sikio palikuwa safi. Basi brashi zilikuwa zimeshafungwa. Alipaona pale pasipo na rangi, akaumia kama mtu aliyefika nyumbani akakuta vyombo vimehamishwa.

Alianza kwa kuviringisha mgongo wa mkono juu ya mabega, taratibu, kwenda na kurudi. Akashuka kwenye Kisima cha Bega, akapanda kando ya uti wa shingo, mfupa kwa mfupa. Mvua ilikuwa ikigonga mabati ya jirani.

Alipofika chini ya fuvu, akaweka vidole gumba viwili.

"Chachu?"

"Chachu," alijibu Yunqin.

Vidole havikuona kitu. Kwa miaka kadhaa sasa havikuwa vikiona kitu. Lile fundo gumu la zamani, lililokuwa kama kokwa ya tende, lilikuwa limekwisha yeyuka, nyama ikawa laini. Lakini mwalimu wake wa kukanda, marehemu, alimfundisha kwamba kidole kina kiburi, kwa hiyo uulizwe mdomo. Naye aliuliza, na mdomo ukasema chachu, naye akaendelea kukanda mahali palipokwisha pona. Hakujiuliza zaidi. Mwenye njaa haulizi chakula kimetoka wapi.

Maana alikuwa na deni la maneno, na ndilo lililomkosesha usingizi wiki nzima. Siku ya kwanza kabisa alimwambia Yunqin amwonyeshe anavyokaa kazini. Yunqin alijikunja kana kwamba yuko mezani kwake, kidevu kikagusa kifua, na fundi akajua pale pale. Meza ilikuwa fupi. Matofali mawili chini ya kila mguu, shingo ingenyooka, na kichwa kingepona kabla ya mwaka mpya. Alifungua kinywa kumwambia. Yunqin akageuka, akacheka, akasema, "Nimekaa kama kuku anayedonoa, sivyo?" Na Fundi Xiong, mgane wa mwaka wa tatu ambaye hakuwa amesikia kicheko ndani ya chumba kile tangu msiba, akasema, "Uje Alhamisi." Alijiambia atamwambia wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa miaka kumi na mmoja.

Alifunika shingo kwa taulo ya moto. Kwa kawaida, baada ya taulo, Yunqin huinuka. Fundi alipiga moyo konde.

"Mwalimu, huko Xiamen utachora?"

"Mjukuu akilala, pengine."

"Basi uinue meza. Matofali mawili kila mguu. Kichwa hakitakusumbua tena." Akaikunja taulo ya pili. "Nilipaswa kukwambia siku ya kwanza. Nilijua. Nilinyamaza makusudi, na kila wiki nikakuona unakuja na maumivu ambayo ningeyamaliza kwa neno moja. Mimi ni mtu mbaya. Nisamehe."

Yunqin hakugeuka. Mabega yake yalianza kutikisika, na fundi akadhani analia. Kumbe alikuwa akicheka, kile kicheko cha siku ya kwanza.

"Matofali," alisema. "Fundi, matofali mbona yapo. Peng aliniletea kutoka tanuri lililobomolewa. Aliingia na mbao zake begani, akaniona nimejikunja, akasema, 'Dada, wewe meza hii itakuua,' akarudi na nane kwenye toroli."

"Lini?"

"Mwaka wa sita huu."

Fundi Xiong alitafuta cha kushika, akashika ukingo wa kitanda, akakaa. Akakikumbuka kicheko cha Peng.

"Na kichwa?"

"Kilipona ndani ya miezi miwili."

"Lakini nilikuuliza! Kila wiki nilikuuliza."

"Ukaniuliza, nikakujibu. Hukuniuliza ni wapi."

Kicheko kikamwishia mdomoni. Alivua taulo shingoni, akaikunja mara mbili, akaiweka mapajani. Kisha aliinuka, akakishika kile kigoda kilichotazama ukuta miaka yote, akakigeuza. Akakaa tena. Magoti yao yalikaribia kugusana. Unyusi mmoja wa Yunqin ulikuwa na mvi tatu, na fundi hakuwa ameziona kamwe.

Hakujua aiweke wapi mikono yake. Aliiweka juu ya mapaja, viganja juu, kama mtu anayengoja kupewa kitu. Kesho asubuhi ilikuwa mbele yao, na tiketi ya treni.

"Yunqin," alisema, kwa mara ya kwanza bila Mwalimu. "Chachu?"

"Chachu."

"Wapi?"

Mlango ukagongwa. "Fundi! Shingo yangu!" sauti ya mteja iliita kutoka mvuani. "Tulipatana saa kumi na moja!"

Fundi Xiong, ambaye katika kazi yake hakuwahi kumweka mtu nje, hakuinuka. Ukagongwa tena. Macho ya Yunqin yalikuwa bado juu ya viganja vya fundi.