Daktari wa Mama Szilvai

Boróka aliteremka kwenye treni Budapest akiwa na bahasha ya hospitali chini ya koti. Alikuwa mwanafunzi wa ualimu, mwaka wa kwanza. Mji huo alikuwa akiusoma vitabuni tangu utotoni, lakini hakuwahi kuukanyaga. Aliuvuka mto Danubi kwa miguu, upepo ukimchapa, wala hakugeuka kuutazama.

Alimfuata kaka yake, Ákos, aliyekuwa mwaka wa tano wa udaktari. Mama yao alikuwa na uvimbe kwenye titi. Hospitali ya kwao ilisema ukatwe upesi, mama akagoma.

"Daktari wangu nimemzaa mwenyewe," alisema. "Atakalosema Ákos, basi."

Na Ákos aliandika: uvimbe wa namna hiyo huisha wenyewe, subirini.

Karani wa chuo alipekua majalada mara mbili.

"Szilvai Ákos? Huyu alifeli mwaka wa kwanza, binti yangu. Hayupo hapa siku nyingi."

"Haiwezekani, mama. Anatuandikia kila mwezi."

Karani akamtazama kwa huruma. "Kamwulizie kwenye meli za watalii, pale chini ya daraja. Ndiko anakofanya kazi."

Alimkuta jikoni melini, anasugua sufuria, mikono imemwiva kwa maji ya moto. Ákos alipomwona alicheka kwa furaha. Kisha akaiona bahasha.

"Soma, daktari," Boróka akamwambia.

"Mdogo wangu, usinifanyie hivyo mbele za watu."

"Nimesema soma!"

Akasoma. Nusu ya maneno hakuyaelewa.

"Nilidhani ni vile vivimbe vya kawaida. Wanawake wengi wanavyo."

"Miezi saba, Ákos! Miezi saba anakaa nao, anakungoja wewe!"

"Nilitaka kuwaambia. Kila nikishika kalamu, najisemea leo ndiyo leo..."

"Vua hiyo aproni. Utamwambia mwenyewe."

Walifika nyumbani jioni. Mama alijiinua kitandani, akajifunga kitambaa safi kichwani kwa ajili ya mwanawe. Ákos akapiga magoti.

"Haya, baba," mama akasema, akimshika mkono. "Nikakatwe?"

Ákos akainamisha kichwa.

"Ukakatwe, mama. Kesho."

Basi. La chuo hakuligusa. Boróka alikuwa mlangoni, na yote aliyokusudia kuyasema yalikuwa tayari ulimini. Lakini aliuona uso wa mama ukilegea kwa faraja, akayameza.

Wapasuaji walimpima kwanza, wakakuta ugonjwa umeshafika kwenye ini. Wakamrudisha nyumbani bila kumkata. Alifariki wiki moja kabla ya Pasaka, na hadi mwisho hakukubali dawa isipokuwa kutoka mkononi mwa Ákos.

Baada ya mazishi, Ákos alimfuata dada yake uani.

"Tungewahi, angepona?"

Boróka alikuwa amemwuliza mpasuaji swali hilohilo, na jibu alikuwa nalo.

"Angepona," akamjibu, kisha akaingia ndani kuwapakulia waombolezaji supu ya maharage.