Mlingoti wa Mama Eulogia

Kwa mamlaka niliyojipa mwenyewe, mimi Nélida Ccorimanya, mwanafunzi wa shule ya bweni ya masista mjini Cusco, natangaza mbele ya mbingu na bonde zima kwamba pombe ya mahindi ya mama yangu haina mpinzani katika bara la Amerika. Nimeonja za nyumba tatu tu, na moja niliitapika juu ya viatu vya padri, lakini tangazo ni tangazo.

Hata hivyo siandiki kwa sababu ya pombe. Naandika kwa sababu ya hasira, na hasira yangu ina jina. Inaitwa Rómulo. Ni kaka yangu, aliyerudi kutoka Lima mwezi wa tano na cheti cha kozi ya masoko ya wiki sita, na viatu vyenye ncha kali za kutobolea watu.

Kabla yake kilabu chetu hakikuwa na jina. Kilikuwa na mlingoti mwembamba uliochomoza juu ya mlango, na nchani mfuko mwekundu wa plastiki. Pombe ikiiva, mama anautoa nje. Mtungi ukikauka, anauingiza ndani. Wakulima wanaotoka kupalilia huangalia tu kutoka ng'ambo ya mto: wakiona wekundu wanavuka daraja, wasipouona wanakwenda zao. Kwa miaka kumi na sita mlingoti ule haukuwahi kumdanganya mtu.

"Mama, hiki kitu hakiuziki," Rómulo alisema siku ya kwanza. "Mteja anataka hadithi."

"Anataka kunywa," mama alijibu.

"Hapana. Anataka uhalisia."

Basi akautengeneza huo uhalisia. Akapachika kibao: KWA BIBI KILLA, TANGU 1780. Kibaoni akachora ajuza mwenye mikunjo mizuri sana, aliyemtoa sijui wapi. Bibi yetu wa kweli alikuwa mlokole aliyeuza mafuta ya taa na kumwaga pombe za watu mtaroni. Mama mwenyewe alianza kupika mwaka niliozaliwa, baada ya baba kwenda machimbo ya dhahabu na kusahau njia ya kurudi. Hadithi hiyo Rómulo aliiona haina mvuto.

Kisha akamvua mama kofia yake nyeupe ndefu, kofia ya kijiji chetu, akamvika ya duara, nyekundu, ya watu wa juu mlimani, ati nyekundu inatoka vizuri kwenye picha. Mama alipokwenda sokoni wanawake walimuuliza kama ameolewa tena.

Mwisho akang'oa mfuko wa plastiki, akafunga kitambaa kilichofumwa kwa nakshi, na mlingoti akausimika kwa saruji. Kwa saruji! Usiku na mchana, pombe iwepo isiwepo, kitambaa kinapepea. Siku mtungi ulipokuwa mtupu, alinunua mjini pombe ya madumu, tamu kama dawa ya kikohozi, akaimimina ndani yake.

Jumamosi niliporudi nyumbani kwa likizo nilimkuta mama ameketi jikoni na ile kofia nyekundu mapajani.

"Don Melquíades alikuja Jumanne," alisema. Huyo ni mwenyekiti wa kamati ya mfereji wa maji. "Alikunywa, akatema. Akaniuliza, 'Eulogia, hii umepika wewe?'"

"Ukamjibu nini?"

"Nimjibu nini? Nikasema hapana. Akasema, 'Lakini mlingoti uko nje.' Nikasema najua. Kamati wamesema watapita kesho asubuhi. Wakikuta tena mlingoti uko nje na pombe hakuna, kazi ya mfereji wanampa Hilaria, yule mpika pombe wa ng'ambo."

Kila mwaka, bonde zima linapozibua mfereji, watu hunywa pombe ya nyumba moja tu. Miaka tisa nyumba hiyo imekuwa yetu. Mama huitwa mbele, humwagia ardhi matone ya kwanza, na wanaume mia moja wenye mabeleshi huvua kofia. Siku nyingine zote za mwaka, mama yangu ni mwanamke aliyeachwa na mume.

"Nitamuua Rómulo," nilisema.

"Nélida, nisikilize, mimi nime—"

Sikusikiliza. Nilikuwa nimeshatoka nje nikiupiga mlango teke.

Jumapili, mama na Rómulo walipokwenda misa ya alfajiri, nilisingizia tumbo. Nikachukua msumeno. Hesabu yangu ilikuwa safi: mlingoti usipokuwepo, uongo haupo, kamati haitakuwa na la kusema. Nimewahi kumvisha sidiria sanamu ya mwanzilishi wa shule bila kutetemeka, lakini mti ule ulikuwa mgumu kuliko masista. Ulipoanguka niliutupa kwenye mahindi, na kitambaa nikakichoma jikoni.

Mama na Rómulo walirudi kwa njia ya shambani, wakaingilia mlango wa nyuma. Mama alivaa kofia yake nyeupe. Akapanga glasi mezani, akafunua mtungi mkubwa pembeni mwa meko, na harufu ikanipiga usoni: kimea chake, chachu yake, povu la njano.

"Hiyo ya wapi?" niliuliza.

"Yangu. Nimeipika tangu Jumatano. Jana nilitaka kukwambia, ukapiga mlango teke."

Tulingoja. Saa nne ikapita. Saa tano tukasikia ngoma na vicheko ng'ambo ya mto, kwa Hilaria. Mama akatoka kwa mlango wa mbele, na nikamsikia akipiga kelele ambazo sijawahi kuzisikia.

"Rómulo! Umefanya nini tena, wewe shetani wa viatu?"

"Mama, si mimi! Naapa!"

"Saruji yako, kitambaa chako, kibao chako! Sasa umeukata siku ambayo pombe ipo! Wameangalia kutoka kule wakaona hakuna kitu!" Alimpiga kwa kofia, mara ya kwanza, mara ya pili.

"Aibu, kaka," nikasema kwa huzuni kubwa.

Mama akaacha kupiga. Akanigeukia taratibu.

"Nionyeshe mikono."

"Mikono ya nini, mama?"

"Mikono, Nélida."

Malengelenge manne, mawili yamepasuka. Masista hawatupi kazi ya kutoa malengelenge.

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alinikamata kiganjani, palepale panapouma, akanivusha daraja hadi uani kwa Hilaria, mbele ya kamati yote yenye glasi mkononi.

"Sema," aliniamuru.

Ndiyo, bado nina hasira na Rómulo, na nitakuwa nayo hadi kile kibao kishuke. Lakini Don Melquíades alikuwa ananitazama, na sikuwa na jingine la kusema.

"Mlingoti nimeukata mimi," nilisema. "Pombe ipo tangu alfajiri, kaipika mama kwa mikono yake. Nilidhani hakuna, sikuuliza, sikufunua hata mtungi. Kaka yangu aliwadanganya Jumanne. Leo nimewadanganya mimi. Mama hajawahi."