Mkanda wa Kidoti

Mama Kidoti alikuwa fundi cherehani, na mwanawe wa pekee alifikisha miaka minane bila kusema neno. Akili ya binti huyo ilikwenda kwa mwendo wake yenyewe. Mbio tu ndizo alizozijua: ukigeuka kidogo, keshafika barabarani.

Mwaka huo alipata nafasi katika shule ya bweni ya watoto wenye mahitaji maalumu, safari ya siku nzima. Baba yake, dereva wa lori, alitaka aende.

"Kule kuna walimu waliosomea," alisema. "Hapa atawekwa tu kama mzigo."

"Nani atamwogesha huko? Akilia, nani atajua ni sikio linamuuma?" Mama alikataa katakata. "Shule ya hapa mtaani inapokea watoto wote. Mwalimu mkuu kanihakikishia."

Baba akakubali. Nafasi akapewa mwingine.

Miezi ikapita. Kidoti aliondoka na sare iliyopigwa pasi, akarudi nayo vile vile, haina tope wala doa la wino. Mama akafurahi kwamba mtoto ametulia. Michubuko ya kiunoni akadhani ni mpira wa sketi, akaulegeza.

Siku moja alipita shuleni kupeleka sare alizoshona, akachungulia darasani. Kidoti alikuwa nyuma kabisa, amefungwa kwenye kiti kwa kamba ya katani. Halii. Anatazama ukuta.

Mwalimu, msichana mwenye macho ya uchovu, alimfuata mlangoni.

"Mama, nina watoto sabini na wawili," alisema kwa sauti ya chini. "Mara mbili nimemtoa mbele ya magari. Mara ya pili, huku nyuma darasani mwenzake akavunjika mkono. Niambie nifanyeje."

Mama aliingia hadi nyuma ya darasa. Akamfungua mwanawe, wakaondoka.

Alipiga simu shule ya bweni. Aliyepokea alikuwa mpole: wamejaa, foleni ni ya miaka mitatu, na kufikia hapo Kidoti atakuwa amepita umri wa kuanza. Baba alipoambiwa hakumsuta mkewe. Alikaa kitandani, akavua viatu, kisha akavivaa tena.

Siku tatu Mama alishinda na Kidoti kibandani kwake. Siku ya nne, akiwa anampima mteja mabega, mtoto akachoropoka. Pikipiki nusura imgonge. Mteja ndiye aliyemdaka.

Jioni hiyo Mama hakugusa nguo za watu. Alikata kitambaa laini cha pamba, akakijaza sponji, akashona mkanda mpana wenye vifungo kwa nyuma.

Asubuhi alimrudisha Kidoti shuleni, akamkabidhi mwalimu mkanda.

"Huu hautamchubua," alisema.

Mwalimu akaupokea kwa mikono miwili. Hakuna aliyemtazama mwenzake usoni. Kidoti alipita katikati yao, akaenda nyuma ya darasa, akakaa bila kuambiwa.