Kahawa Haijanywewa

...wangeipasha moto kidogo hii jeli, ubavu mzima umekufa ganzi, na Daktari Lubna bado anakandamiza kifaa chini ya titi la kushoto kama anayetafuta kitu kilichoangukia nyuma ya kabati, na kwenye skrini moyo wa Rawda unafunguka, unajifumba, mzito, umetanuka, ndivyo alivyosema daktari, umetanuka na umechoka, mishipa safi, presha huna, sukari huna, virusi tumevitafuta hatukuviona, sababu haijulikani, Rawda, dawa tutakupa na chumvi utaacha, lakini sababu haijulikani, kisha akamgeukia mama kwenye kiti, Hajja, katika ukoo wenu kuna aliyekufa ghafla angali kijana? na mama, aliyekuja na chupa yake ya kahawa ya hiliki kwa kuwa ya hospitali anaiita maji ya kuoshea sufuria, akamimina haraka, "Kunywa kwanza mwanangu, umechoka wewe," na daktari akakipokea kikombe, akakiweka mezani, "Nitakunywa, Hajja. Nijibu kwanza," hivyohivyo wanavyofanya wazee wa posa, vikombe chini, hakuna anayeonja mpaka wapewe msichana, na Ijumaa wanakuja kwa Abir, mdogo wetu, wa mwisho, aliyebaki, sebule imeshapakwa rangi, na nani ataoa nyumba yenye maradhi ya moyo, wataviacha vikombe palepale vipoe na kujiondokea...

"Hakuna," mama anasema. "Sisi ni watu wa chuma. Babu yake huyu kafa na meno yake yote."

"Na ndugu zake Rawda?"

"Alikuwa na kaka. Alianguka kutoka juu ya paa. Kudra ya Mungu, mwanangu. Kahawa itapoa."

Alianguka, ndiyo, mtaa mzima unajua alianguka, hata Rawda mwenyewe alimwambia hivyo mumewe kabla ya ndoa, bila kupepesa jicho, ila yeye alikuwepo, alipanda nyuma ya kaka yake na beseni la nguo, siku ya zamu ya maji, kila mtu mjini Irbid yuko juu anajaza tangi lake, na Qusay ameketi ameegemea tangi, miaka kumi na tisa, mpira wa maji mkononi unamwagia ndala zake, mkono mwingine kifuani, "Subiri Rawda, napumzika kidogo tu," na akapumzika, maji yakaendelea kumwagika, hakuna ukingo alioukaribia, hakuna mahali alipoanguka, lakini ilipofika kahawa chungu ya matanga alikuwa ameshaanguka, nani alilisema kwanza? mjomba? wasichana wamejaa ndani hawajaolewa, funika kombe mwanaharamu apite, na mwanaharamu hakupita, kumbe kakaa humuhumu kifuani miaka yote hii, mficha maradhi kilio humuumbua, mama mwenyewe humwambia jirani methali hiyo, jirani tu... na mbona hamtazami daktari usoni, mbona asubuhi pale mlangoni, alipoulizwa tukuiteje, alisema Mama Rawda, jina ambalo hajawahi kuitwa na mtu, hata muuza mkate anamwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, je, ni Abir peke yake anayelindwa hapa, maana siku ile kabla ya paa kulikuwa na godoro, Qusay kalala juu yake mchana mweupe, "Mama, leo nimechoka sana," na mama jikoni, mikono kijani kwa mlenda, akicheka, "Panda, mvivu wewe! Maji yatakatika!" akicheka, mama gani asiyesema hivyo... ah, mama. Kama alianguka, basi paa ndilo lililomuua. Kama ni moyo... Rawda anataka kuinuka amshike mama yake mkono, maskini mama, amebeba hilo peke yake, na daktari anasema, "Tulia, usijigeuze, naomba," na mama, "Tulia Rawda, unamchelewesha daktari."

"Hajja, siulizi kwa ubaya," daktari anasema. "Ikiwa ni ya ukoo, watoto wake nao tutawapima. Tukiwahi, tunaweza kuwalinda."

Watoto, yaani Shahd, hana mwingine, Shahd aliyerudi kutoka shule jana akaketi kwenye ngazi, begi mgongoni, midomo haina rangi, "Mama, nimechoka, ngoja kidogo," na Rawda akiwa ghorofa ya tatu na mfuko wa mkate, akacheka, alicheka, Mungu wangu, akainama juu ya kishikio cha ngazi, akasema... ni maneno gani aliyoyasema, anayajua, hataki kuyajua, yalitoka yenyewe kwa sauti ya jikoni ile, panda, mvivu wewe.

Kwenye skrini moyo unafunguka, unajifumba. Jeli haijapata joto. Kikombe kiko mezani kimejaa, mama anakisukuma kidogo kwa kidole kuelekea kwa daktari, "Nimekwambia hakuna, mwanangu, kunywa," na kukisukuma tena, Abir nisamehe, mama nisamehe, nisamehe sana, Rawda anavuta pumzi fupi, ndiyo aliyo nayo.

"Daktari," anasema, "huyu haitwi Mama Rawda. Anaitwa Mama Qusay."