Kinyonga wa Abdulkadiri

Mwaka ule sukari iliadimika Musoma nzima, lakini Abdulkadiri, mwenye duka pale Nyasho, alikuwa anafuga kinyonga ili aonekane mtu wa maana. Mwanaamina, mteja wake, alipofikiwa na zamu kwenye foleni ya sabuni dukani hapo, akaulizia na sukari. Akajibiwa hakuna. Akamtazama kinyonga: amekonda ndani ya tundu lenye kiza, amewekewa wali mkavu na bakuli la maji. Akasonya.

“Hata mdudu umeshindwa kumlea! Mtoe juani, mpe tawi apande. Maji analambaga matone kwenye majani. Na chakula chake ni nzi walio hai.”

“Dukani kwangu hakuna nzi, dada,” Abdulkadiri akajitapa.

“Basi mpeleke mlangoni pa stoo,” Mwanaamina akapaza sauti, foleni yote isikie. “Wamejaa pale, wanagombania sukari unayosema hakuna.”