Baba Yake Danstan Amezidiwa

Hivi wewe, ukitumwa kumwambia mtu aliye mbali kwamba baba yake amefariki, utaanzaje?

Sisi huku Murusagamba neno hilo hatulisemi. Tunasema mzee amezidiwa, njoo. Mtu akishafika, akakalishwa mkekani, wenzake wamemshika mabega, ndipo anaambiwa. Msiba haupokelewi njiani ukiwa peke yako. Mjukuu wangu Deodata amekua na hilo.

Basi alikuwa Biharamulo akisomea uhazili. Ofisi moja ya ushirika ilishamwahidi kazi ya ukarani, mradi afaulu mtihani wa mawasiliano. Swali la mwisho, lile lenye alama nyingi, likasema hivi: wewe ni karani. Mfanyakazi Danstan yuko kituo cha mbali. Baba yake amefariki jana, maziko ni kesho saa nane mchana, ruhusa amepewa. Mwandikie ujumbe. Tumia taarifa ulizopewa, na busara yako.

Deodata akaona hapo kwenye busara ndipo penyewe. Akaandika kwa mwandiko wake ule mzuri: Ndugu Danstan, baba yako amezidiwa. Umepewa ruhusa. Njoo nyumbani taratibu, Mungu yupo.

Kifo hakukitaja. Maziko hakuyataja.

Akafeli, kazi akapewa mwingine. Alirudi kwa bodaboda, vumbi jekundu mpaka kwenye kope, akanikuta uani namenya ndizi, naye mwanangu Pancras, mjomba wake, ananoa jembe.

"Shikamoo Bibi. Shikamoo Mjomba."

"Marahaba. Mbona na begi lote?"

Akatueleza. Pancras, ambaye ndiye aliyemwombea ile kazi, akacheka kicheko kibaya. "Karani mzima! Unapewa habari mkononi, unaifutika kwenye kanga! Mwalimu amesemaje?"

"Amesema Danstan amekuja taratibu, akakuta kaburi limeshafukiwa."

"Ehee!"

"Amesema busara ni ya kuchagua maneno, siyo kumchagulia mtu ajue nini."

Mimi nikamtetea mtoto. Nikasema huyo mwalimu hana kwao? "Na wewe Pancras, ungeandikaje?"

Akaacha kunoa. "Hivyohivyo, Mama. Dada alipofariki, si nilimpigia simu huyuhuyu nikamwambia mama yako anaumwa kidogo? Na alifika salama."

Deodata akachukua kisu mkononi mwangu, akaanza kumenya, utomvu unamganda vidoleni wala hajipaki mafuta. Nikadhani yameisha.

"Siku ile nilipita sokoni nikamnunulia Mama machungwa," akasema, hamtazami mtu. "Kwenye basi nikawa nataniana na kondakta. Nacheka, Mjomba. Kwenye mtihani nilijua kabisa Danstan alitakiwa aambiwe, mkono ukakataa."

Pancras akamwita jina lake, polepole.

"Nilitaka uniambie amefariki," akasema. "Nilie njia nzima."